Walsi Si Matanga: Mandolini ya Wahamiaji wa Kiitalia

Likizo iliyopita mwalimu wangu wa fidla aliniazima mandolini yake. Nyuzi zake hupangwa kwa sauti zilezile za fidla, yaani G, D, A na E, ila kila sauti ina nyuzi mbili. Kwa hiyo vidole vyangu havikupata shida. Nilichagua kujifunza walsi ambazo Waitalia waliohamia Marekani walizirekodi New York katika miaka ya 1920. Jioni moja nilipiga mojawapo barazani, polepole, nikiitetemesha kila noti. Mama mwenye nyumba wetu, Mkongo wa Bukavu aliyekimbilia Kampala miaka mingi iliyopita, alichungulia kutoka jikoni.

“Mwanangu, kuna msiba?”

“Hapana, Mama. Huu ni muziki wa kucheza.”

“Wa kucheza? Miguu itaingilia wapi?”

Swali hilo ndilo lililozaa makala haya. Walsi hizi huelezwa mara nyingi kuwa ni sauti ya kiu ya nyumbani. Ninadai kwamba maelezo hayo, ingawa yana ukweli ndani yake, yanatufanya tuzisikie vibaya na kuzipiga vibaya zaidi.

Kwanza tutazame zilikotoka. Kati ya mwaka 1880 na 1924, Waitalia zaidi ya milioni nne waliingia Marekani, wengi wao kutoka kusini mwa Italia na kisiwa cha Sisilia. Walijenga barabara na reli, walipakua meli, walishona nguo. Kampuni za santuri kama Victor na Columbia ziliona soko hapo, zikatoa santuri kwa ajili ya wahamiaji wa lugha mbalimbali. Miongoni mwa waliorekodi alikuwemo Giovanni Gioviale, mpiga mandolini aliyezaliwa Catania, Sisilia, mwaka 1885. Huko Sisilia vinyozi wengi walikuwa pia wapiga mandolini na gitaa, na kinyozi ndiye aliyeitwa kupiga muziki kwenye sherehe za mtaa. Basi tangu asili huu ni muziki wa watu waliokusanyika, si wa mtu aliyejifungia chumbani na kumbukumbu zake.

Sasa tuusikilize wenyewe. Walsi ina mapigo matatu. Gitaa hutoa besi kwenye pigo la kwanza, kisha hujibu kwa nyuzi za juu kwenye la pili na la tatu. Mchezaji hukanyaga pale penye besi. Sauti ya mandolini hufa upesi, ndiyo maana mpigaji akitaka noti ndefu hulazimika kuugonga uzi harakaharaka, juu na chini, mpaka mgongo huo usikike kama sauti moja. Mbinu hiyo huitwa tremolo. Katika santuri za Gioviale, tremolo ninaisikia kwenye noti ndefu. Noti fupi zinapigwa mojamoja, safi na kwa kasi, zikikimbilia pigo la kwanza kana kwamba zinamsukuma mchezaji ageuke. Kosa langu barazani lilikuwa kutia tremolo kila mahali. Nilitafuta huzuni, nikaupoteza mguu.

Wanaotetea maelezo ya huzuni wana hoja moja nzito: nyingi za walsi hizi huanza kwa ngazi ndogo ya sauti, ile ambayo masikio mengi huisikia kuwa ya majonzi. Ni kweli. Lakini walsi hizi huwa na sehemu mbili au tatu, na mara nyingi sehemu inayofuata huhamia ngazi kubwa, muziki ukachangamka ghafla. Anayehukumu kwa sehemu ya kwanza peke yake ni kama msomaji wa riwaya aliyeishia sura ya kwanza. Tukumbuke pia kwamba santuri ya wakati ule ilibeba dakika tatu hivi kwa kila upande. Dansini hakuna aliyelazimika kukoma dakika ya tatu. Tunachokisikia leo ni kipande tu cha usiku mzima.

Sikatai kwamba waliocheza walikuwa na majonzi. Kuanzia mwaka 1924 sheria mpya ilipunguza sana idadi ya Waitalia walioruhusiwa kuingia Marekani, na wengi waliokwishafika waliachana na ndugu zao moja kwa moja. Lakini mtu mwenye majonzi akiamua kucheza, mhakiki ana wajibu wa kueleza ule uamuzi pia.

Jambo hili linatuhusu sisi wanafunzi wa fasihi na sanaa katika ukanda huu. Tukiandika kuhusu nyimbo za wakimbizi, tunakwenda moja kwa moja kwenye machozi, kwa sababu machozi ndiyo tuliyoyatarajia. Mama mwenye nyumba wetu amepoteza mengi ambayo si yangu kuyasimulia. Jumamosi jioni hufungua redio na kucheza rumba huku akimenya ndizi. Tukiyaandika machozi yake tukaiacha rumba yake, tutakuwa tumemwandika nusu.

Wiki mbili baadaye niliipiga tena walsi ileile. Tremolo niliiacha kwenye noti ndefu tu, na rafiki yangu akashika gitaa. Mama hakuuliza kitu. Alitoka na sufuria mkononi, akasikiliza kidogo, kisha akasema gitaa linachelewa.

Alikuwa sahihi. Lilikuwa linachelewa.