Bei Iliyopimwa kwa Mkono

Katika Mji wa Kale wa Lamu, fundi mzee akiitwa kuangalia nyumba inayotaka kuongezwa chumba, pesa ndilo jambo la mwisho kutajwa. Kwanza atakaribishwa kahawa. Atauliza nyumba ilijengwa zama za nani, kisima kiko wapi, na dari ilivuja mara ya mwisho masika gani. Kisha atainuka na kuanza kuugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, taratibu, kutoka usawa wa goti hadi mkono unapofika, sikio likiwa karibu. Palipo na mlio wa tupu, lipu imeachana na jiwe. Panapoitika kwa sauti nzito, ukuta ungali na nguvu zake. Huomba ngazi, akachomeka ncha ya kisu katika kichwa cha boriti, pale inapoingia ukutani, maana hapo ndipo unyevu na mchwa huanzia. Mwenye nyumba humfuata nyuma kimya, kama mgonjwa anayesubiri neno la tabibu.

Mafundi wa namna hii wanazidi kuadimika, na wanaondoka na kazi ambayo watu wachache waliwahi kuihesabu kuwa ufundi: kukadiria.

Lamu ni mji uliokua kwa nyongeza. Binti akikaribia kuolewa, wazazi wenye uwezo walimwandalia makao yake mwenyewe, mara nyingi kwa kupandisha ghorofa juu ya nyumba yao. Kiwanja kikikosekana, familia iliruka njia kwa wikio, kile chumba kinachopita juu ya kichochoro na kuzishika nyumba mbili pamoja, wapita njia wakipata kivuli chini yake. UNESCO ilipouweka mji huu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ilikuwa inaheshimu pia, pengine bila kujua, watu waliosimama chini ya kuta hizo na kuulizwa swali lile lile kizazi baada ya kizazi: tukipandisha, ukuta huu utachukua, na itatugharimu nini?

Jibu lilianzia kwenye boriti. Mkoko hauna urefu wa kumfurahisha kila mtu. Ukishakatwa na kunyooshwa, unavuka nafasi ya kama mita mbili na nusu, tatu kwa shida. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba na virefu, hata katika nyumba za matajiri. Upana ulikwisha kuamuliwa na msitu, na fundi akabakiwa na urefu tu wa kuupima. Aliupima kwa mkono wake: shibiri mbili dhiraa moja, dhiraa nne pima moja. Chumba cha dhiraa 20, boriti zikikaa mbili kwa kila dhiraa, ni boriti 40. Na kwa kuwa boriti huuzwa kwa korija, hizo ni korija mbili kamili, pamoja na chache za akiba badala ya zile zitakazoonekana zimepinda zikishafunguliwa ufukweni. Hesabu nzima ilikaa kichwani. Fundi alijua pia wapi aombe boriti yenyewe na wapi mazio yatatosha, kwa sababu majina yale, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila moja ni unene wake na bei yake, na kumtoza mtu nguzo mahali pa mazio ilikuwa aibu ambayo ingemfuata hadi msikitini.

Mawe na mchanga vilihesabiwa kwa mizigo ya punda, maana vichochoro vya Lamu havipitishi lori. Chokaa ilihesabiwa kwa majira. Matumbawe hupangwa juu ya tanuu la magogo na kuchomwa. Kinachotoka huzimuliwa kwa maji na kuachwa kitulie muda mrefu kabla ya kuguswa na mwiko. Kwa hiyo aliyetaka arusi ya mwanawe mwakani aliambiwa achome chokaa mwaka huu. Kadirio la fundi lilikuwa na kalenda ndani yake: lini jahazi lingeleta boriti, lini mvua zingekatiza sakafu, siku ngapi wasaidizi wangekula kwa mwenye nyumba.

Pwani ya leo inahesabu vingine. Mtu wa Dar es Salaam anayetaka kuvunja ukuta wa mbele ili apate fremu mbili za maduka hupiga picha kwa simu, akaituma, akauliza: itafika ngapi? Jibu huja kabla chai haijapoa. Na kusema kweli, sehemu ya jibu hilo si ngumu. Tofali la inchi 18 kwa 9 linaingia kama kumi katika mita moja ya mraba. Chumba cha mita tatu kwa nne kikiegemezwa kwenye nyumba iliyopo kwa upande mmoja wa mita nne, kuta mpya ni mita kumi; zikipanda mita tatu, ni tofali mia tatu kabla ya kutoa mlango na dirisha. Mtoto wa darasa la sita anaiweza.

Lakini picha haioni shimo la choo lililofukiwa pale msingi utakapopita. Haioni kwamba nyumba ya zamani ilikwisha kutitia miaka mingi iliyopita, ilhali msingi mpya ndio kwanza utaanza, na ufa utatokea hasa pale kuta mbili zinapokutana. Haijui kama kenchi za zamani zitakubali kurefushwa bila mteremko wa bati kuwa mdogo mno na maji kurudi ndani. Katika kazi ya kuongeza au kukarabati, gharama iko kwenye kiungo cha kipya na cha zamani, na kiungo hicho hakionekani mpaka mtu aende akiguse.

Kwa hiyo hutajwa bei ya kushika kazi, nyingine zifuate baadaye. Matokeo yake yamejaa mijini: nondo zenye kutu zimesimama juu ya paa, zikingoja ghorofa. Wakati mwingine tamaa ya kupandisha huzidi hata hiyo. Machi 29, 2013, jengo refu lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua zaidi ya watu 30. Ikatangazwa kwamba ghorofa zilizopandishwa zilizidi zile za kibali. Wala si haki kumtupia lawama fundi wa mtaani peke yake. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 zama za Sultani Barghash, iliporomoka sehemu yake Desemba 25, 2020, ikiwa mikononi mwa waliokuja kuikarabati.

Tanzania ina wakadiriaji majenzi waliosomea kazi, Chuo Kikuu Ardhi kinawafundisha, na iko bodi inayowasajili pamoja na wabunifu majengo. Lakini anayeongeza chumba kimoja uani haendi huko. Nafasi iliyokuwa ya mzee mwenye kisu na dhiraa imebaki wazi.

Hasara yake inaonekana katika lipu. Zipo nyumba za Lamu na za Mji Mkongwe ambazo kuta zake za mawe ya matumbawe zilipigwa saruji, kwa kuwa kwenye karatasi ilionekana nafuu na ya haraka. Saruji haipumui kama chokaa. Unyevu wa chumvi hubaki ndani ya jiwe, na baada ya masika machache lipu hubanduka mapande mazima, ikiondoka na uso wa ukuta. Hapo mwenye nyumba hulipa kubandua, hulipia chokaa ile ile aliyoikimbia, na hulipa nauli ya fundi anayeijua, akipatikana.