Jicho la Wakala

Saa kumi na mbili asubuhi, kituo cha kupigia kura kinapofunguliwa, wakala hodari wa chama huwa ameshafika. Afisa msimamizi akiwaonyesha mawakala sanduku tupu, yeye huchungulia mpaka pembeni. Vifungio vikibanwa, huandika nambari zake daftarini. Jioni atazilinganisha.

Siasa za Kenya zina kishindo: helikopta, nyimbo, viwanja vilivyofurika. Lakini kura huhesabiwa darasani, usiku, mbele ya watu wachache waliochoka. Mwaka 2022 vituo vilikuwa 46,229. Chama kinachotaka kulinda kura zake hutakiwa kupata mtu makini kwa kila kituo, kimfunze, kimfikishe na kimlishe. Hapo ndipo chama chenye mizizi hujitenga na chama cha mabango.

Kuhesabu kwenyewe ni ufundi. Afisa hufunua karatasi, hutaja jina, huwaonyesha mawakala. Jicho la wakala hutangulia kwenye alama, sikio hufuata jina, kisha mkono huchora kijiti. Vinne vikisimama, cha tano huvikata. Mamia ya karatasi hupita hivyo, na ile ya mwisho hustahili umakini uleule wa ile ya kwanza. Alama ikikaa kwa utata, huinua mkono na kuomba karatasi ionyeshwe tena. Hapigi kelele, kwa kuwa anayebishia kila kura hasikilizwi siku inapofika kura yenye ubishi wa kweli. Akiwa na shaka na hesabu, sheria inamruhusu kuomba irudiwe, isizidi mara mbili.

Mwisho huja Fomu 34A, yenye matokeo ya urais. Nakala moja hubandikwa mlangoni, nyingine humfikia wakala. Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, kiini cha kesi kilikuwa safari ya matokeo kutoka vituoni. Mwaka 2022 fomu hizo ziliwekwa kwenye intaneti, Mkenya yeyote ajumlishe. Wakala aliyetunza nakala yake anaweza kujua kama tarakimu zimebadilika njiani.

Ustadi wake huonekana zaidi usiku ambao mgombea wake ameshindwa. Hupitia vijiti vyake, hukuta vinalingana na fomu, hushika kalamu na kutia sahihi. Sahihi hiyo, iliyotiwa na mtu aliyetamani matokeo mengine, ndiyo ninayoiamini kuliko zote.