Nani Mkali, Willy Gamba au Joram Kiango? Tafakuri Juu ya Hamu ya Makutano ya Mashujaa

Makala haya yametokana na ubishi. Muhula uliopita, katika semina ya fasihi pendwa, mwenzetu mmoja alisimama akasema anazikumbuka kwa uchungu zile hadithi za katuni za Kimarekani ambamo mashujaa wa vikosi mbalimbali hukutana, na kwamba siku hizi utamu ule haupo tena. Darasa likacheka. Mwingine akamrukia: hiyo ni kasumba tu, mtoto wa mkulima anamlilia Superman! Mhadhiri wetu hakucheka. Aliuliza swali moja: "Anayetamani ni nani, na anatamani nini hasa?" Muda ukaisha, tukatawanyika. Mimi swali lile nilikwenda nalo likizo hadi kwetu Kituntu, Karagwe, na hapa ninajaribu kulijibu. Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji asihangaike kunitafuta: aliyecheka na aliyechekwa wote walikosea. Mmoja alidhani kitu kinachotamaniwa ni cha Wamarekani, mwingine alidhani kimo ndani ya karatasi.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia nini. Kikosi cha mashujaa si kitu cha jana. Justice Society of America ilitokea mwaka 1940 katika jarida la All Star Comics. Justice League of America ikafuata mwaka 1960, na Avengers mwaka 1963. Mwaka huohuo wa 1963 Gardner Fox aliandika hadithi iliyowakutanisha Justice League na Justice Society, yaani vijana na wazee wao, na makutano hayo yakawa kama sikukuu ya kila mwaka hadi 1985. Lakini hao walikuwa watoto wa nyumba moja, kampuni ya DC. Mpaka mgumu ulikuwa kati ya DC na Marvel. Superman na Spider-Man walikutana mwaka 1976. Vikosi vizima, Justice League na Avengers, vilipangiwa kukutana mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mchoraji George Pérez akaanza kuchora, kampuni zikagombana, kazi ikafa mwaka 1983. Ilifufuka miaka 20 baadaye. Sehemu zake 4 zilitoka mwaka 2003 na 2004, Kurt Busiek akiandika na Pérez yuleyule akichora. Mwaka 2022, Pérez akiwa mgonjwa, zilichapwa tena nakala 7,000 kwa ajili ya mfuko wa kuwasaidia wachoraji na waandishi wa katuni wenye shida. Mei mwaka huo akafariki.

Nimeyataja haya kwa sababu yanaonyesha jambo ambalo wahakiki wengi wa fani hulipita. Utamu wa makutano hautokani na nguvu za mashujaa. Nguvu wanazo kila wiki katika hadithi zao wenyewe. Unatokana na mpaka. Kuna ukuta, msomaji anaujua, anaishi nao miaka, halafu siku moja mtu anauruka. Wasomaji wa Marekani walisubiri miaka 20 kuona vikosi viwili vikisimama ukurasa mmoja, na katika miaka hiyo walibishana: nani atamshinda nani? Ubishi ule ndio ulikuwa hadithi yenyewe. Kitabu kilipokuja kilikuwa kama hukumu ya kesi iliyokwisha kusikilizwa barazani.

Sasa tuje nyumbani. Mimi Avengers niliwaona kwanza mwaka 2013, nikiwa na miaka 10, katika kibanda umiza. Filamu ilikuwa imetafsiriwa na mmoja wa wale jamaa wanaosimulia juu ya sauti za waigizaji, na kwa kinywa chake mashujaa wale walizungumza kama makonda wa basi. Tulicheka mpaka basi. Nilirudi nyumbani nimewehuka, nikamsimulia mjomba wangu: Mjomba, kuna watu sita, kila mmoja ana filamu yake, halafu wamekutana! Mjomba alikuwa anaanika kahawa. Akaniuliza bila kuinua uso: "Sasa hao kati yao na Willy Gamba?" Nikasema Willy Gamba ni nani? Hapo ndipo akaacha kahawa, akaingia chumbani, akatoka na sanduku la bati.

Ndani ya sanduku lile kulikuwa na majarida ya Sani ya miaka ya 1980, wanamokaa Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe na Madenge. Kulikuwa na vitabu vya Elvis Musiba na vya Ben Mtobwa. Vingi havikuwa na majalada. Mchwa walikuwa wameshaanza kazi upande wa chini, kwa hiyo vitabu kadhaa vilikuwa na mwanzo bila mwisho. Mjomba alinieleza kwamba enzi zao nakala moja ilisomwa na darasa zima. Iliingia na basi kutoka Bukoba, imechelewa wiki kadhaa, ikapita mkono kwa mkono mpaka ikachanika. Na swali kubwa la vijana wa Kituntu, chini ya mwarobaini na njiani kwenda kuchota maji, lilikuwa lile nililoliweka kwenye kichwa cha makala haya.

Wapo watakaosema swali hilo ni la kitoto. Mimi nasema ni swali la uhakiki, na zito. Hebu tuwatazame wahusika hawa wawili. Willy Gamba ni mpelelezi wa serikali. Hajitumi, anatumwa. Katika Kufa na Kupona (1974) anafuatilia nyaraka za siri zinazohusu harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika, na katika Kikosi cha Kisasi (1979) anavuka hadi Kinshasa. Nyuma yake kuna nchi iliyokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1963, na iliyokuwa mojawapo ya nchi za mstari wa mbele. Joram Kiango ni mtu wa namna nyingine. Ni wa miaka ya 1980, anajitegemea, na pembeni yake yupo Nuru. Anaipenda nchi yake, lakini nchi hiyo haimpi amri kila asubuhi. Huyu ni shujaa wa wakati ambapo watu walikuwa wameanza kuishi kwa akili zao, maduka yakiwa matupu na mshahara haufiki katikati ya mwezi.

Kwa hiyo anayeuliza nani mkali kati ya Willy na Joram anauliza, pengine bila kujua, kama nchi huokolewa na dola au na mtu mmoja mwenye akili timamu. Vijana wale walikuwa wanabishana siasa kwa lugha waliyokuwa nayo. Na katika vitabu vyote vilivyonipitia mikononi, wahusika hawa wawili hawakutani. Kila mmoja ana mtunzi wake, na ukuta kati yao haukurukwa. Musiba alifariki mwaka 2010, Mtobwa alishatangulia mwaka 2008. Basi, kesi imebaki barazani.

Lakini hamu isitufumbe macho. Mhakiki anayependa kitu lazima akishike pia pale kinapochoma. Katika mwaka 1975 Marvel ilikusanya kikosi kipya cha X-Men kutoka nchi mbalimbali, na mmoja wao, Storm, anachukuliwa kutoka Kenya. Ni mwanamke mweusi katika kikosi cha mashujaa, jambo la kupongezwa kwa wakati ule. Lakini Kenya yake ni ipi? Wanakijiji wanaomwomba mvua ni umati tu, hawana majina, wapo ili mgeni aje amtoe shujaa kati yao. Kwetu nako hatujasalimika. Wanawake wengi katika riwaya za Musiba ni warembo wa kupendwa, kushukiwa au kuokolewa. Mtobwa alijitahidi kidogo, maana Nuru anaingia msakoni na akili yake inatumika, ila naye mara nyingi uzuri wake hutajwa kabla ya akili hiyo. Nilipovisoma tena nikiwa mtu mzima kuna kurasa nilizoruka kwa aibu. Sitaki zirudi.

Wala sitaki zirudi shida za wakati ule. Nilimwuliza mjomba kama anatamani miaka ya 1980. Alinitazama kama mwendawazimu. "Mimi? Foleni ya sabuni niitamani ya nini?" Nikamwuliza, sasa sanduku unalitunzia nini? Hakujibu haraka. Baadaye jioni, tukila matoke, akasema: "Tulikuwa tunasubiri wote." Sentensi hiyo ndiyo iliyonipa nusu ya jibu la mhadhiri. Anachokitamani ni kule kusubiri kitu kimoja pamoja na wengine, huku kila mtu ana maoni yake juu ya kitakachokuja. Ndiyo maana yule mwenzetu wa semina analalamika kuwa utamu umekwisha. Tangu filamu ile ya 2012, makutano yamekuwa mengi mno. Ukuta unaorukwa kila mwezi unakuwa mlango, na mlangoni hakuna anayeshangilia mtu kupita.

Nusu ya pili nilipewa na bibi. Alikuwa amekaa karibu akitusikiliza, akauliza hao watu sita wa filamu walikuwa na kazi gani. Nikamweleza: mmoja ana nyundo, mmoja anaruka, mmoja akikasirika anakuwa jitu. Akasema, "Kumbe ni kama Bachwezi." Akaanza kutusimulia, kama alivyosimuliwa yeye, juu ya Wamara na wenzake: Mugasha mwenye ziwa na tufani, Irungu mwenye pori, Kazoba mwenye jua, na Ryangombe, namna walivyosafiri pamoja hadi kuzimu, namna walivyorudi, na namna walivyotoweka wakabaki kutajwa tu. Wenzangu wanaodhani haya ni mambo ya kando wakumbuke kwamba M. M. Mulokozi aliandika tasnifu nzima ya uzamivu, mwaka 1986, juu ya tendi za nanga za Wahaya. Nchi hii ya Kagera ilijua kukusanya mashujaa kabla ya mwaka 1940.

Nilimwuliza bibi lile swali: Bibi, kati yao nani alikuwa mkali? Hakulielewa. Nikalirudia kwa Kinyambo, bado halikuingia. "Ziwa na pori vinapiganaje?" ndivyo alivyonijibu. Hapo niligundua tofauti ya msingi. Katika katuni za Marekani kuna kanuni inayojulikana: vikosi vikikutana, kwanza hupigana kwa kutoelewana, kisha huungana dhidi ya adui mkubwa. Mpangilio huo umejengwa juu ya mashindano. Katika masimulizi ya bibi kila mmoja ana himaya yake, na safari inahitaji himaya zote. Swali lake ni nani anakosekana. Nafikiri hilo ni swali bora la kumwuliza msanii anayetaka kuandika makutano ya mashujaa kwa Kiswahili leo: nani hayupo katika kikosi chako, na safari itakwamia wapi kwa sababu hayupo?

Nimalizie na ushahidi ulionifanya niandike makala haya. Kitabu kimojawapo kilicholiwa na mchwa kilikuwa Kikosi cha Kisasi. Robo ya mwisho haikuwapo. Mwaka ule wa 2013 nilimwomba mjomba animalizie kwa mdomo, akanimalizia, kwa siku tatu, kwa mbwembwe zote. Katika simulizi lake, mambo yalipomzidia Willy kule Kinshasa, mtu aliyevaa suti safi alishuka kwenye teksi, akawasha sigara, akasema yeye ni Joram Kiango. Nilipiga kelele za furaha. Kwa miaka minane niliamini hivyo ndivyo kitabu kinavyokwisha.

Nilipofika chuoni nilikipata kitabu kizima. Nilikisoma kwa pupa nikimsubiri mtu wa suti. Hayumo, na hawezi kuwamo: kitabu ni cha 1979, Joram ni wa miaka iliyofuata, na mtunzi wake ni mwingine. Nilikasirika, sitaficha. Likizo hii nilimweleza mjomba. Alishangaa kweli, hakuwa akinidanganya. Alisema hivyo ndivyo wao walivyokuwa wakisimuliana, kwa sababu nakala yao nayo ilifika Kituntu bila kurasa za mwisho.

Basi makutano yale yaliandikwa, ila hayakuandikwa kwa wino. Yalitungwa na vijana wasio na kitabu kizima, wakijaza nafasi iliyoachwa wazi. Nikirudi kwa swali la mhadhiri: anayetamani ni msomaji aliyewahi kuwa mtunzi, na anachokitamani ni kuachiwa nafasi ya kutunga. Hilo halikuletwa na Superman wala haliwezi kuondoka naye.

Lipo jambo moja la kufanya, na halihitaji nadharia. Masanduku kama la mjomba yapo Karagwe, yapo Kyerwa, yapo kila wilaya, na mchwa hawasubiri semina. Kila mmoja wetu akienda likizo amwulize mzee wa nyumbani ana nini chini ya kitanda, na amwulize pia kisa kilikwishaje. Yote mawili tuyaandike. Mimi nimeanza na la Kituntu: majarida 14, vitabu 9, na mwisho mmoja wa Kikosi cha Kisasi ambao Musiba hakuuandika. Anayepinga hoja zangu, uwanja ni wake.