Wafu Wenye Majina katika Senema ya "Titanic"

Nilikawia miaka mingi kuitazama senema ya "Titanic" ya James Cameron, iliyotoka mwaka 1997. Sifa zake zilinichosha kabla sijaiona: tuzo 11 za Oscar, na machozi ya kila aliyenisimulia. Hatimaye niliitazama, nami nililia mahali pale pale walipolia wengine.

Umahiri wake mkubwa ni kuitoa siri mapema. Mwanzoni, bibi kizee Rose anaonyeshwa kwa picha za kompyuta jinsi meli ilivyojaa maji, ikainua tezi, ikakatika vipande viwili, ikazama. Tangu hapo mtazamaji haulizi tena litakalotokea. Huuliza litamkuta nani, na katika hali gani. Kwa hiyo mapenzi ya Rose na Jack, ambayo yangalikuwa hadithi ya kawaida ya binti wa kitajiri na kijana fukara, yanapata uzito usio wake. Mazungumzo yao ni mepesi, na Cal, mchumba wa Rose, ni mwovu asiye na chembe ya utu. Lakini hao ni watu wa kubuniwa, na mtunzi ana haki ya kuwafanya apendavyo.

Shaka yangu ni juu ya wasiobuniwa. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili, 1912, walikufa watu zaidi ya 1,500, na kila mmoja alikuwa na jina lake. William Murdoch, afisa wa kwanza wa meli, alikuwa Mskoti wa mji wa Dalbeattie. Katika senema Cal anamtia fedha mfukoni (naye baadaye anamtupia usoni), anawapiga risasi abiria wawili, kisha anajiua. Ni kweli kwamba wako mashahidi waliosema afisa mmoja alijiua usiku ule; kwamba afisa huyo alikuwa Murdoch halikuthibitishwa kamwe. Mwaka 1998 mjumbe wa kampuni ya senema alikwenda Dalbeattie kuomba radhi, akatoa pauni 5,000 kwa tuzo ya shule inayomkumbuka Murdoch. Radhi ilifika mji mmoja. Picha ilikuwa imekwisha kuenea ulimwenguni.

Sisemi kwamba wafu wasiguswe. Isidor na Ida Straus walikuwa wazee matajiri wa New York. Ida alikataa kuingia katika mashua ya kuokolea watu na kumwacha mumewe. Cameron anawaonyesha kwa muda mfupi mno, wamelala wamekumbatiana, maji yakitiririka chumbani, wala hawataji majina. Hapo pia amebuni, maana walionusurika walisimulia kuwaona wawili hao sitahani. Hata hivyo, kitanda kile hakikuwapokonya kitu; kinasema walilolitenda, kwa njia nyingine. Bastola ya Murdoch inasema jambo ambalo hakuna ajuaye kama alilitenda.

Nilipoirudia senema, niliisimamisha penye kitanda cha wazee wale, nikakaa nao kwa muda mrefu kuliko alivyowapa Cameron.