Kitabu cha Hawking juu ya Wakati, na Maulizo ya Wafratri

Kitabu cha Stephen Hawking juu ya historia fupi ya wakati kilitoka kwa Kiingereza mwaka wa 1988. Mwandishi alikufa mwaka wa 2018, lakini kitabu chake kingali kinapita mikononi mwa wanafunzi, na katekista anaulizwa maulizo yanayotoka humo: Je, shimo jeusi litaimeza dunia? Kabla wakati haujaanza, Mungu alifanya nini? Basi yafaa padiri akisome mwenyewe, asije akalaani asichokijua.

Kwanza tukisifu kwa haki. Mwandishi alitia hesabu moja tu katika kitabu kizima, ile ya Einstein, na mambo magumu anayafahamisha kwa maneno mepesi. Juu ya njia za sayari anaeleza vema: kwa Newton, jua linaivuta dunia, kwa Einstein, uzito wa jua unapinda anga na wakati pamoja, nayo dunia inafuata njia iliyo nyofu kuliko zote ndani ya kile kilichopindika. Si maneno ya kubahatisha. Njia ya Merkuri, sayari iliyo karibu na jua kuliko nyingine, inageuka kupita hesabu za Newton. Tofauti ni ndogo mno, sekunde 43 za pembe kwa miaka 100, na mwaka wa 1915 hesabu za Einstein zilitoa kiasi kile kile.

Juu ya mashimo meusi, wengi hudhani ni vinywa vinavyofyonza kila kitu. Hapana. Kama jua letu lingesongwa hata kutoka katikati yake mpaka ukingoni zibaki kilomita 3 hivi, lingekuwa shimo jeusi. Tungekosa mwanga na joto, lakini dunia ingezunguka katika njia yake ile ile, kwa maana uzito wa jua haukuongezeka. Katekista alishike jibu hilo.

Sasa sura ya 8. Hapo Hawking anatoa wazo kwamba ulimwengu labda hauna mwanzo wala ukingo katika wakati, kama vile uso wa dunia usivyo na ukingo. Kisha anauliza Mwumba atakuwa na nafasi gani. Amevuka mpaka wa elimu yake bila kubisha hodi. Anamwaza Mungu kama mtu aliyesukuma gurudumu siku ya kwanza akaenda zake. Mtakatifu Toma wa Akwino alifundisha katika karne ya 13 kwamba akili peke yake haiwezi kuhakikisha kwamba ulimwengu ulianza. Hata ungekuwako tangu milele, ungekuwa umeumbwa tu, kwa maana unapokea kuwa kwake kutoka kwa Mungu kila dakika. Naye Mtakatifu Agostino alikwisha kusema kwamba wakati wenyewe ni kiumbe. Hawking anamtaja, akampita mbio.

Tena anasimulia mkutano wa Vatikano wa mwaka wa 1981, ati Papa Yohane Paulo II aliwaambia wataalamu wasichunguze mwanzo wenyewe. Hotuba ya tarehe 3 Oktoba imechapishwa, na katazo hilo halimo. Papa alisema kwamba elimu ya viumbe peke yake haiwezi kumaliza ulizo la mwanzo. Hilo ni neno jingine kabisa. Wala Kanisa halikumwogopa mtu huyu: mwaka wa 1986 aliingizwa katika Akademia ya Kipapa ya Sayansi.

Lakini wahubiri wengine wanaanguka katika shimo lile lile kwa upande wa pili. Wanashangilia mlipuko wa kwanza kana kwamba wataalamu wamemwona Mungu akiumba. Papa Pius XII alikaribia kusema hivyo tarehe 22 Novemba 1951. Padiri Georges Lemaître, mwalimu wa Louvain, ndiye aliyetoa wazo la atomu ya kwanza mwaka wa 1931, naye hakupendezwa: kwake, hesabu zile hazimhakikishi Mungu wala hazimkani. Mhubiri akijenga juu ya hesabu, siku wataalamu watakapozibadili waamini watadhani imani nayo imebadilika.

Nawashauri walimu wa filozofia: sura za 6 na 7, zinazosema mashimo meusi, fratri azisome peke yake. Sura ya 8 isomwe darasani, na maandiko ya Toma yawe mezani.