Kusadikika na Wingu la Uluguru
Asubuhi za masika, atazamaye Uluguru kutoka mjini Morogoro hukiona kilele cha Lupanga kikielea, wingu limeumeza mlima kiunoni. Hivyo ndivyo Shaaban Robert alivyoitundika angani nchi ya Kusadikika (1951). Wahakiki wengi husema mtunzi alijificha huko asionwe na wakoloni, na hawakosei. Ila wameipita upesi ajabu yenyewe: Karama, mshitakiwa, hutetea watu wengine, wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa, wakatiwa gerezani. Dola inayojitoboa macho! Dosari moja haifichiki. Wingu likiondoka, Lupanga huonyesha mashamba ubavuni. Kusadikika huonyesha baraza tu, na hotuba.