Chatu wa Chupa Nakivubo

Kazi huanza na kuchagua chupa. Udongo bado uko kwenye turubai, kamba haijakatwa, lakini magunia yameshamwagwa chini na kila chupa inapita mkononi mwa mtu. Akina mama wawili wamekalia ndoo zilizopinduliwa. Mmoja anatenga chupa za nusu lita zilizonyooka na zile zenye kiuno, mwingine anabandua karatasi za majina na kukung'uta maji yaliyobaki. Iliyopasuka hutupwa pembeni, na isiyo na kifuniko hungoja kwenye beseni mpaka ipatiwe kifuniko kinachoikaa sawasawa. Hawaongei sana. Chupa yenye kasoro ndogo huzungushwa mara mbili machoni kabla ya kuamuliwa iende wapi.

Chupa zenyewe hazikutoka mbali. Mtaro wa Nakivubo uko hatua chache kutoka hapa. Hupokea maji ya katikati ya Kampala, ukapita kando ya soko la Owino na uwanja wa mpira, ukateremkia eneo la viwanda na Bugolobi, kisha ukamwagia kinamasi kilicho mbele ya ghuba ya Murchison, Ziwa Victoria. Sehemu ya maji ya kunywa ya jiji huvutwa Ggaba, kwenye ghuba hiyo hiyo. Mvua kubwa ikinyesha, kila chupa iliyoachwa barabarani huanza safari hiyo. Hizi zimeokotwa kabla hazijafika, na kiwanja hiki kilichobanwa kati ya ukuta wa ghala na njia ya wachukuzi kitakuwa mahali pa watoto wa wachuuzi kuchezea. Katikati yake atalala chatu: benchi refu lenye mapindo matatu, kichwa upande mmoja, mkia upande wa pili.

Wazo la kuwachezesha watoto kwa vitu vilivyotupwa si geni Kampala. Mwaka 2012 msanii Ruganzu Bruno Tusingwire wa Chuo Kikuu cha Kyambogo alipata tuzo ya City 2.0 ya TED, dola 10,000, ili awajengee watoto wa mitaa ya kimaskini bustani ya michezo kwa taka. Ilianzia Acholi Quarter, Kireka, kwenye kilima ambacho familia zilizokimbia vita vya kaskazini hujipatia riziki kwa kuponda mawe. Tangu hapo nimekuwa nikitamani kuiona kazi ya namna hii kwa karibu, si picha ya watoto wanaocheka siku ya uzinduzi, bali siku zile ambazo hakuna mpiga picha anayefika.

Siku hizo ni za kushindilia. Udongo huchekechwa kwanza, ukaachwa juani mpaka ukauke kabisa, kwa sababu unyevunyevu ukifungiwa ndani ya chupa hauna pa kutokea. Anayejaza huweka faneli iliyokatwa kutoka kichwa cha chupa nyingine, akamimina theluthi moja, kisha akashika ufito wenye ncha butu na kushindilia huku akiizungusha chupa kidogo kidogo, ili udongo uingie kwenye mikunjo ya kitako. Mikunjo hiyo ndiyo siri. Udongo wa katikati hushuka wenyewe, wa kwenye kona haushuki mpaka ulazimishwe. Halafu theluthi ya pili, ufito tena, na ya tatu mpaka shingoni. Chupa ya nusu lita iliyojazwa vizuri huwa na uzito unaokaribia kilo moja, nayo haitoi sauti ukiitikisa.

Kijana aliyeanza kazi juzijuzi alimpelekea fundi chupa yake. Fundi aliibonyeza ubavuni kwa dole gumba, ikabonyea kidogo sana, kiasi ambacho mimi nisingekiona. Akafungua kifuniko, akamwaga udongo wote kwenye karai, akamrudishia chupa tupu. Kijana akarudi kukaa, akaanza upya. Ya pili ilimwagwa pia. Safari ya tatu fundi alibonyeza, akaigonga kitako juu ya jiwe, akaiweka kwenye safu pamoja na nyingine bila kusema neno. Mamia ya chupa kwenye safu ile zilikuwa zimepita chini ya dole gumba lile.

Mchoro ni wa binti msanifu majengo, naye hakukaa nao mezani. Alipiga vigingi, akavuta kamba, akalichora kila pindo kwa kamba iliyofungwa kwenye kigingi cha katikati, kisha akamwaga jivu kufuata mstari. Fundi alitembea juu ya jivu polepole, mguu mbele ya mguu, akasimama kwenye pindo la pili. "Hapa pamekaza sana, mwanangu," akasema. "Sawa, Mzee, tupanue," akajibu binti, akang'oa kigingi na kukisogeza hatua moja. Halafu akaitwa mtoto wa miaka mitano hivi aliyekuwa akimsubiri mamake sokoni. Wakamkalisha juu ya matofali yaliyopangwa, wakapunguza moja, wakampa jingine jembamba, mpaka nyayo zake zote mbili zikakanyaga chini bila kuning'inia. Urefu wa kiti ukawa huo, sentimita thelathini, ukaandikwa kwa mkaa ukutani.

Nakivubo ni bonde, na ardhi ya bonde hainyamazi. Kwa hiyo msingi ulichimbwa mpaka udongo mweusi ulipokwisha, yakapangwa mawe, juu yake zege nyembamba. Fundi aliniambia kwamba ukuta wa chupa hustahimili mengi, ila haustahimili msingi unaosogea. Saruji ya siku ile karibu yote iliishia chini, mahali ambapo hakuna mtoto atakayepaona, na hilo halikumsumbua hata kidogo.

Kisha chupa zikaanza kulazwa. Vitako hutazama nje, shingo hukutana ndani, safu mbili zikielekeana. Katikati hujazwa kokoto na mchanganyiko wa udongo wa kichuguu, mchanga na saruji kidogo. Udongo wa kichuguu hauna mpinzani hapa Uganda kwa kunata, na fundi huukanda kwa miguu mpaka uache kung'ang'ania kisigino. Kila shingo hufungwa kamba ya nailoni chini ya kifuniko, kamba ikavuka hadi shingo ya upande wa pili, ikarudi, ikazunguka jirani yake. Safu ikikamilika, kuna wavu mzima uliojificha ndani ya ukuta. Udongo ukipasuka siku moja, wavu utaendelea kuzishika chupa.

Pindo ndilo linalomtambulisha fundi. Upande wa nje wa pindo una huruma, kwa kuwa chupa ni nene kitakoni na nyembamba shingoni, basi zinapotawanyika hukaa kama zilizaliwa ziwe hivyo. Upande wa ndani ni mtihani. Huko vitako husongamana na shingo huachana mbali, kamba inakuwa ndefu, na pengo la nyuma linadai kujazwa. Nilimwona akichagua vijiwe vya kujaza pengo moja. Alijaribu kimoja, akakigeuza, akakitoa, akachukua chembamba zaidi, akakisukuma kwa kidole mpaka kikakaa. Pengo lile halikuwa pana kuliko ganda la kiberiti. Baada ya safu tatu aliamuru kazi isimame mpaka kesho yake, ijapokuwa jua lilikuwa bado juu na udongo uliokandwa ulikuwa umebaki. Uzito wa safu ya nne ungezisukuma za chini nje. Udongo uliobaki ukafunikwa magunia yaliyoloweshwa.

Pembeni kijana mwingine alikuwa na matairi ya bembea. Haya hayakumchukua muda, ila jambo moja lilinipendeza. Alilaza tairi, akatoboa matundu kadhaa ubavuni, upande utakaokuwa chini bembea ikishatundikwa. Nilidhani ni ya minyororo. Kumbe ni ya kutoa maji ya mvua, mbu wasije wakazaliana mahali watoto wanapokaa.

Ngozi ya chatu ilikuja mwisho. Lipu ilipigwa kwa mikono miwili, mmoja ukiwa na mwiko na mwingine ukifuata kwa kiganja, kwa kuwa mgongo wa nyoka hauna mahali pa kuweka rula. Lipu hii si pambo tu. Jua hudhoofisha plastiki mpaka ikavunjika, kwa hiyo chupa lazima zifunikwe. Ni sehemu ya mkia tu, ambayo kivuli cha ghala huifunika karibu kutwa, iliyoachwa vitako vikionekana, duara kwa duara, kijani na nyeupe. Kwa macho yangu hapo ndipo penye uzuri kuliko kote.

Juu ya lipu mbichi wale akina mama wawili walibandika vipande vya vigae na vifuniko vya chupa. Huko Barcelona, katika bustani ya Güell ambayo Antoni Gaudí aliianza mwaka 1900, kuna benchi linalojipinda vivyo hivyo, limevikwa vigae vilivyovunjwa kwa mkono wa Josep Maria Jujol. Watalii kutoka dunia nzima hulipa kuliona. Mama wa Nakivubo hakuhitaji kulisikia jina hilo. Alishika kigae kwa koleo, akabana, kikakatika alipotaka, akalainisha makali kwa jiwe la kunolea, akakipitisha juu ya ngozi ya ndani ya mkono wake kuhakikisha hakikwaruzi. Ndipo akakipaka saruji mgongoni na kukikandamiza. Vifuniko vyekundu vilipangwa kwenye uti wa mgongo, mdomo ukiwa chini, vimejazwa saruji ili visiingie maji. Alipofika kwenye kiti aliacha nafasi kati ya vigae, ndogo na sawa, akaijaza rojo na kuisugua kwa kitambaa mpaka kiganja kikapita bila kukwama. "Nguo za shule ni ghali, ssebo," akaniambia. "Kigae kikisimama kidogo tu, kinararua."

Fundi naye alipita na kiganja chake, tangu kichwa hadi mkia. Alisimama mahali pawili, akachomoa vigae vitatu kwa ncha ya mwiko, akamrudishia mama mkononi. Mama akavipokea, akavuta ndoo yake, akaketi tena. Benchi likafunikwa magunia, nayo magunia yatamwagiwa maji asubuhi na jioni kwa juma zima, na mlinzi ameagizwa asimruhusu mtu yeyote kukaa, hata yule mtoto aliyepimiwa.